Rafiki yangu ana watoto wadogo na anataka kuleta kitoto cha mbwa aina ya Malinois nyumbani, namzuiaje bila kuvunja urafiki?

Jirani_wa_Goba

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua mbwa na pia kwa wanaojua watu, maana hili la kwangu liko katikati.

Nina rafiki yangu tumesoma wote, mke wake na mke wangu wameshibana, watoto wao wananiita baba mdogo. Wana wawili, binti anakaribia miaka minne na wa kiume hajafikisha miwili, ndo kwanza yuko kwenye kukimbia na kuanguka. Na mama yao ni mjamzito, miezi mitano. Jamaa anafanya kazi mgodini kanda ya ziwa, anaingia shifti wiki kadhaa afu ndo anarudi Dar kupumzika. Wamehamia kwao huku Goba mwaka huu, nyumba nzuri ila haijaisha, ukuta umejengwa mbele tu, nyuma ni michongoma na mabati ya kuegesha egesha na majirani bado wachache. Juzi kati waliibiwa pampu ya maji usiku na tangu hapo shemeji halali vizuri jamaa akiwa kazini. Hilo naelewa kabisa, hofu yake ni ya kweli.

Sasa jamaa ameangalia sana zile video za Malinois mtandaoni, mbwa anaruka ukuta, anamdaka mtu mkono, kaambiwa kaa anakaa. Kapata muuzaji, watoto wa mbwa wana wiki tano, baba na mama wote ni mbwa wa kazi wa kampuni ya ulinzi. Laki saba, keshatoa advansi laki mbili. Hoja yake ni kwamba mbwa akikua pamoja na watoto atawapenda na usiku atalinda. Binti keshaambiwa na keshampa jina, kila nikienda ananiuliza Simba anakuja lini.

Mimi nimekulia nyumba yenye mbwa na hata sasa ninao wawili, so siongei kwa kuogopa mbwa. Ninachoona ni kwamba jamaa mwenyewe hatakuwepo, shemeji tumbo linakua, na dada wa kazi ni binti wa Tanga anaogopa mbwa mpaka wangu wakibweka tu anaingia ndani na kufunga mlango, yani huyo ndo atakayeachiwa kumlisha, kumsafishia na kumtenga na watoto. Nilijaribu kugusia kidogo jamaa akanijibu "we unao wawili, mimi nikitaka mmoja imekuwa nongwa". Nikanyamaza. Anarudi wiki ijayo na ndo amepanga kwenda kumchukua.

Nimwambieje? Au niache tu, ni nyumba yake?

Kamba_na_Filimbi

Mkuu usiache. Mimi ndo kazi yangu hii, nafundisha mbwa wa ulinzi na nimefanya na Malinois wengi, nawapenda kuliko mbwa wowote na ndo maana nakwambia kwa nyumba hiyo hapana.

Malinois ni mbwa wa Ubelgiji wa kuchunga mifugo. Kazi yake ya asili ni kukimbiza kitu kinachokimbia na kukirudisha kundini, na anarudisha kwa kubana na meno. Baadaye polisi na majeshi wakamchukua wakawa wanazalisha wale wakali zaidi wa kung'ata na wasiochoka, ndo unawaona kwenye vikosi vya polisi, ndo hao hao wanafundishwa Usa River kule Arusha kunusa pembe za ndovu. Mbwa wa hivyo ana hendla wake, yani mtu anayemwongoza, anaamka naye, anafanya naye kazi kila siku, akitoka kazini anaingia bandani amechoka. Huyo anayeuziwa rafiki yako wazazi wote ni mbwa wa kazi, maana yake hiyo hamu ya kukimbiza na kudaka anazaliwa nayo, hutaifuta kwa kumpenda.

Sasa mtoto wa miaka miwili anafanya nini siku nzima? Anakimbia, anapiga kelele, anaanguka, anarusha mikono. Kwa Malinois huyo mtoto ndo mchezo wenyewe. Hatakuwa na nia mbaya, atamkimbilia kisigino, atamvuta suruali, atamrukia amwangushe, na yale meno ya utotoni ni makali kama sindano. Mtoto atalia na kukimbia zaidi, mbwa atazidi kufurahi, mama mjamzito atainuka kuwatenganisha. Hapo ni saa mbili asubuhi, bado mchana na jioni.

Afu piga hesabu hii umwambie. Mbwa ana wiki tano, mimba ina miezi mitano. Shemeji akijifungua mbwa atakuwa na miezi mitano hivi, katikati ya kubadilisha meno, maana wanaanza kama miezi minne mpaka sita au saba, na kipindi hicho anatafuna kila kitu, viatu, nyaya, mguu wa meza, mkono wako. Mtoto mchanga akianza kukaa mbwa ndo anaingia ubarobaro, hasikii, anapima ubishi, anakaribia kilo ishirini na kitu. Ulinzi wenyewe anaoutaka jamaa hautakuwepo muda wote huo, mbwa anaanza kulinda kwa akili akishakomaa, mwaka na nusu, miwili. Kitoto cha wiki tano usiku kinalia kinamtafuta mama yake, hakizuii mwizi wa pampu.

Na hizo wiki tano ni tatizo peke yake. Mtoto wa mbwa akae na mama yake na ndugu zake angalau wiki nane. Hapo ndo anajifunza kung'ata taratibu, akimuuma mwenzake kwa nguvu mwenzake analia na mchezo unaisha. Anayeachishwa mapema anakuja kujifunza hilo kwa watoto wa watu. Muuzaji anayetoa mbwa wa wiki tano anapunguza gharama ya chakula na chanjo tu.

MamaWawili_Tabata

Mie sina utaalamu wa mbwa ila nina watoto wawili waliofuatana na mume wa safari, so nazungumzia hiyo siku ya shemeji yako.

Hivi kuna mtu amemuuliza yeye? Kwenye maelezo yako yote naona jamaa anataka, binti anataka, muuzaji anataka, mama mwenye nyumba kazi yake ni kuogopa usiku. Mjamzito wa miezi mitano mwenye mtoto wa nepi na mwingine wa kuanza chekechea, umuongezee mtoto wa mbwa anayekula mara tatu nne kwa siku, anayekojoa kila akiamka, kila akila, kila akicheza, na usiku analia. Nani ataamka? Baba yuko mgodini.

Na huyo dada wa Tanga. Ukimlazimisha dada anayeogopa mbwa kukaa na mbwa ataondoka, na akiondoka mwezi wa nane wa mimba hapo ndo utajua. Kabla hajaondoka atakuwa anamfungia mbwa nyuma siku nzima kwenye mnyororo, si kwa ukatili, kwa hofu. Mbwa wa kufungwa na kuchokozwa na watoto kwa vijiti anakuwa mkali na siku akikatika ndo yanatokea yale tunayoyasikia.

Ushauri wangu, usiende na maneno ya "hamuwezi". Mwanaume aliyejenga nyumba yake ukimwambia hawezi kufuga mbwa atakwenda kununua wawili. Mwambie mkae wote wanne, wewe na mkeo na wao, jamaa akiwepo, afu uliza maswali tu. Asubuhi nani atamlisha. Shemeji akienda kliniki mbwa anabaki na nani. Siku ya kujifungua je. Mwache ajibu mwenyewe mbele ya mkewe. Na usimfuate shemeji pembeni ukampanga, jamaa akijua mlikaa bila yeye urafiki ndo unaishia hapo.

Kuhusu binti na jina la Simba, mchelea mwana kulia hulia yeye. Atalia siku mbili tatu atasahau.

Mzee_wa_Kondoa

Vijana mnakuza mambo. Sisi kijijini tumekua na mbwa, tunakwenda nao kuchunga, tunakula nao, mtoto anamlalia mbwa tumboni na hakuna aliyekwenda kusoma kitabu cha mbwa. Mtoto anayekua na mbwa hawi mwoga na anajifunza huruma kwa kiumbe. Mwacheni baba alete mbwa nyumbani kwake.

Dokta_Mifugo_Moro

Mzee wangu wa Kondoa shikamoo. Nakubaliana na wewe kwamba mtoto kukua na mbwa ni jambo jema, nimeliona mara nyingi. Ila tuangalie mbwa mwenyewe. Mbwa wa kule kijijini alikuwa mtu mzima, ametulia, anatembea na mifugo kutwa nzima, jioni amechoka analala, na asiyefaa kukaa na watu hakuachwa akakaa. Huyu wa Goba ni mbwa wa kazi asiye na kazi, amefungiwa uwanja mdogo, na watoto hawatoki naye kwenda popote.

Mimi ni daktari wa mifugo na nataka kuongeza upande wa afya kwasababu naona haujaguswa.

Kwanza kichaa cha mbwa. Chanjo yake kwa kawaida inatolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, ikimaanisha wa wiki tano atakaa nyumbani kwa rafiki yako wiki nyingi bila kinga yoyote ya ugonjwa huo, na umesema nyuma hakuna ukuta. Mbwa wa mitaani wanapita hapo usiku. Watu wengi hawajui kwamba hata kitoto cha mbwa kikiumwa na mbwa mwenye kichaa kinapata na kinaambukiza. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, na katika wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 hivi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Na mtoto wa miaka miwili akiparuliwa au akilambwa kwenye kidonda hasemi, unakuja kujua baadaye. Kwa yeyote anayesoma hapa, ukiumwa na mbwa osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze sindano, usipake mafuta ya taa wala pilipili wala dawa ya mwaka gani, na usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Pili minyoo. Watoto wengi wa mbwa wanazaliwa na minyoo tayari, wanaipata tumboni kwa mama na kwenye maziwa, ndo maana tunaanza kuwapa dawa wakiwa na wiki mbili na kurudia kila baada ya wiki mbili mpaka wiki nane. Mayai yanatoka na kinyesi yanakaa kwenye udongo miezi mingi. Mtoto anayetambaa na kula mchanga anayameza, viluwiluwi vikisafiri mwilini vinaweza kufika mpaka kwenye jicho. Kuna na minyoo mingine ya mbwa inaingia kwenye ngozi ya mtoto anayetembea peku mchangani, unaona mstari mwekundu unatambaa mguuni na unawasha usiku kucha. Haya yote yanazuilika kama kuna mtu mzima wa kuokota kinyesi kila siku na kufuata ratiba ya dawa, sasa turudi kwenye swali la MamaWawili, mtu huyo ni nani?

Tatu pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Kitoto kisichokamilisha chanjo kinaweza kuanza kutapika na kuharisha damu leo na kesho kutwa kikafa. Zile chanjo zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane na zinarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Muulizeni muuzaji kadi ya mama yake kwanza. Binti wa miaka minne aliyempa mbwa jina afu mbwa akafia sebuleni ndani ya wiki, hilo nalo ni jambo.

Na kwa watoto wa chini ya miaka mitano kung'atwa mara nyingi kunakuwa usoni na kichwani, kwasababu ya kimo chao na kwasababu wanamsogelea mbwa kwa uso, na mara nyingi anayeng'ata ni mbwa wa nyumbani au wanayemjua. Simtishi mtu, ndo tunayokutana nayo.

Mzee_wa_Kondoa

Marahaba daktari. Hapo kwenye ukuta na chanjo nimekuelewa. Basi amalizie ukuta kwanza.

Bint_Kisauni

Assalam aleikum, nawafuata kutoka Mombasa. Dada wa Tanga huenda si woga peke yake, kama ni Muislamu wa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo au nguo ya kuswalia kuna kuosha mara saba na moja yake kwa udongo. Mbwa wa kulinda nje kuna ruhusa yake, lakini mbwa wa kuingia jikoni, kulamba watoto, kulala kwa zulia, huyo dada atashinda akiosha na kubadilisha nguo kila swala na atanyamaza kwasababu si kwake. Mumuulize kwa upole kabla, ni haki yake, na majirani pia kama wako karibu. Kama mbwa atakaa nje na ana banda lake hilo linazungumzika.

Msee_wa_Rongai

Sasa wadau, mimi niko Nairobi. Huyo boy anataka vitu mbili tofauti, usalama wa usiku na rafiki wa watoto, na anadhani mnyama mmoja wa wiki tano atampa zote. Zitenganishe. Usalama wa usiku ni ukuta, taa zenye zinajiwasha mtu akipita, kengele ya kwa geti, na kujuana na majirani. Hiyo laki tano amebakisha inafanya kazi kubwa kwa taa na waya.

Rafiki wa watoto chukua mbwa mzima mwenye tabia yake inajulikana. Hapa kwetu watu huenda KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen, unachukua mbwa mkubwa ameshadungwa chanjo, ameshafanyiwa opresheni ya kutozaa, na wenye wanamtunza wanakuambia huyu anapenda watoto, huyu hapana. Mbwa wa kienyeji mzima akibweka usiku mwizi hajui ni breed gani bana, anasikia tu kuna mbwa. Na mwambie aende aone Malinois mkubwa live, asione ya video, akae naye hata saa moja.

Kamba_na_Filimbi

Hilo la kumwona live naunga mkono. Mkuu Jirani nicheki inbox, ninao wawili Bunju, mleteni jamaa aje na suruali nzito. Waje bila watoto.

Jirani_wa_Goba

Wakuu nimerudi, samahani nimekawia, jamaa alifika juzi na jana tumekaa.

Nilifuata ya MamaWawili, tulikaa wanne baada ya chakula. Sikuanza na mbwa, nilianza na pampu, nikamwambia shemeji halali ukiwa kazini na sisi kama majirani tunatakiwa tufanye kitu, nikasema mimi nitachangia mifuko ya simenti ya ukuta wa nyuma na mke wangu atakuwa anakuja kulala na shemeji siku ambazo ana wasiwasi. Jamaa alinyamaza muda, nadhani hakutegemea. Afu nikauliza yale maswali. La kliniki alijibu, la usiku akasema dada, na hapo shemeji ndo akaongea kwa mara ya kwanza, akasema dada ameshamwambia akija mbwa yeye anarudi Tanga na alikuwa anaogopa kumwambia mumewe kwasababu ameshatoa hela. Hesabu ya Kamba na Filimbi ya miezi mitano kwa miezi mitano nilimwandikia kwenye karatasi, akaikunja akaweka mfukoni.

Leo asubuhi tumekwenda Bunju. Sitasimulia mengi, yule dume alipotolewa bandani jamaa alirudi hatua nyuma, na tulipofundishwa kumchezesha kwa kile kitambaa cha kudaka hakuachia mpaka Kamba alipomwamuru. Njiani kurudi akasema mwanae wa kiume ana kilo 11. Ameshapiga simu kwa muuzaji, laki moja inarudi na moja imekwenda. Binti ataambiwa jioni, shemeji ndo ataongea naye.

Swali la mwisho kwa daktari. Baba mkwe wake Kibaha ana jike wa kienyeji, miaka minne hivi, amekua na wajukuu, hajawahi kumuuma mtu na anabweka usiku. Anataka kuwapa ukuta ukiisha. Huyo vipi na mtoto mchanga akija?

Dokta_Mifugo_Moro

Huyo kwangu ni wa kuzungumza. Apelekwe kwa daktari kabla hajahama, achanjwe kichaa hata kama walichanja zamani na hakuna kadi, apewe dawa ya minyoo, na kama mnaweza afungwe kizazi maana jike kwenye joto atawajazia madume ya mtaa mzima getini. Ahame mapema, angalau miezi miwili kabla ya kujifungua ili azoee nyumba kabla mgeni hajafika, la sivyo asubirie mpaka mtoto afikishe miezi kadhaa. Ukuta uishe kwanza kama mzee alivyosema.

Banda liwe mahali ambapo watoto hawafiki, na akiwa anakula au amelala hakuna mtoto kumsogelea, binti wa miaka minne anaweza kuelewa hilo ukimrudia kila siku, wa miaka miwili haelewi so kazi ni ya mtu mzima. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika ya kwenda kugeuza sufuria, hata kama ni mpole kiasi gani. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, inavunjika vipande vikali. Mtoto akizaliwa, kabla hajaletwa nyumbani mpelekeeni mbwa kanga aliyofungiwa mtoto ainuse, halafu mama aingie kwanza mikono mitupu amsalimie mbwa, mtoto abebwe na mtu mwingine nyuma yake. Na wiki ya kwanza dada awe anamwona kwa mbali tu, chakula ampe shemeji au wewe ukipita, dada akizoea mwenyewe atasema.